Shajara ya mradi: fosforasi, maji na mzizi wa mahindi

Swali letu

Majaribio mengi ya ukame hufanyika kwenye udongo ulioshiba mbolea, na majaribio mengi ya mbolea hufanyika pale ambapo maji hayakosekani. Kila upande hupata jibu lake safi. Mahindi ya shambani hayana bahati hiyo. Njaa na kiu huyajia pamoja, mara nyingi kwenye udongo huohuo mwekundu wenye asidi uliolimwa miaka mingi bila kurudishiwa kilichotolewa. Mradi huu unachunguza kinachotokea mambo hayo mawili yanapokutana.

Ninaanza nikiwa na msimamo, na ni vema niuandike mapema ili upimwe: kwenye udongo wa aina hii, sehemu kubwa ya tunachokiita ukame ni mzizi ulioshindwa kuyafikia maji yaliyopo.

Sababu za kufikiri hivyo ni za kikemia. Naitreti huyeyuka na kufuata maji, kwa hiyo mmea unapokunywa, naitrojeni huja nayo. Fosforasi haitembei namna hiyo. Oksidi za alumini na za chuma, hizi za chuma ndizo zinazoupa udongo wekundu wake, huishika kwa nguvu. Kiasi kinachobaki kwenye maji ya udongo mara nyingi hakifiki mikromoli 10 kwa lita, ilhali ndani ya seli za mmea fosforasi huhesabiwa kwa milimoli, ambayo moja ni mikromoli elfu. Mzizi ukishachukua kilicho karibu, hubaki umezungukwa na ukanda mtupu wa milimita moja au mbili, na fosforasi ya nje ya ukanda huo huja polepole mno. Sasa kausha udongo. Utando wa maji unaozunguka chembe za udongo hukonda, kisha hukatika vipande vipande kama mto wa msimu unaobaki madimbwi, na fosforasi hukwama kwenye madimbwi hayo. Yaani ukame wenyewe huleta njaa ya fosforasi. Na njaa ya fosforasi hupunguza ukuaji wa mizizi, mizizi ambayo ndiyo ingefuata maji chini. Kila shida inaikaza nyenzake.

Kanuni ya kirutubisho kilichopungua zaidi, aliyoieleza Carl Sprengel mwaka 1828 na kupata umaarufu kupitia Justus von Liebig kuanzia 1840, husema mavuno hutawaliwa na kile kilicho kichache kuliko vyote. Imetufaa sana. Lakini inadokeza kwamba upungufu hupangwa foleni, ukimaliza huu unageukia ule. Hapa sioni foleni yoyote.

Mpango wa majaribio

Tuna makundi matatu. La kwanza ni vyungu vyenye viwango vitatu vya fosforasi (bila kuongeza, kidogo, tosha) na viwango viwili vya unyevu. La pili ni mabomba ya plastiki yenye urefu wa mita 1.5, yaliyosimamishwa wima na kujazwa udongo wa juu na wa chini kwa mpangilio uleule wa shambani. La tatu ni vyungu vikubwa vitakavyoachwa hadi mahindi yatoe mbelewele (maua ya juu yanayomwaga chavua) na ndevu (nyuzi za gunzi zinazoipokea). Naitrojeni na potasiamu ni sawa kwa wote, ili tofauti tutakayoiona isiwe na mwenyewe mwingine.

Mabomba ndiyo ninayoyategemea zaidi. Chungu kifupi huficha jambo kuu la mradi huu: shambani, fosforasi imejaa juu, inakodondoka majani na kumwagwa mbolea, wakati maji ya mwisho wa msimu yako chini. Mzizi unaotambaa karibu na uso hupata fosforasi. Unaoteremka moja kwa moja hupata maji. Utafiti wa mtaalamu wa mizizi Jonathan Lynch na wenzake kwenye maharage na mahindi umeonyesha vizuri mvutano huo wa pembe ya mzizi, na kwenye mpunga jeni DRO1, iliyoripotiwa mwaka 2013, huelekeza mizizi chini na kuusaidia mmea kustahimili ukame. Ndani ya chungu cha kina kifupi mizizi yote hufika chini haraka, na mvutano wenyewe hauonekani.

Udongo kabla ya mbegu

Udongo ulianikwa kivulini, ukapondwa, ukachekechwa kwenye chekeche la milimita 2. Unyevu tulipima kwa kukausha sampuli kwenye oveni nyuzi 105 hadi uzito ulipoacha kushuka.

Kwa fosforasi tulichagua njia ya Bray na Kurtz ya mwaka 1945, kwa sababu udongo una asidi. Floraidi iliyomo kwenye kimiminika chake hung'ang'ania alumini na kuifanya iachie fosfeti. Njia ya Olsen ya mwaka 1954, inayotumia sodiamu baikaboneti ya pH 8.5, ilitungwa kwa udongo wenye chokaa nyingi. Naona mara nyingi watu wakilinganisha namba za njia hizi mbili kana kwamba ni kipimo kimoja. Kila kimiminika kina namna yake ya kuuliza swali, na udongo hujibu kulingana na ulivyoulizwa.

Hatua ya mwisho ni ile ya Murphy na Riley ya mwaka 1962: molibdati na asidi askobiki hugeuza fosforasi kuwa rangi ya buluu, nasi tunaisoma kwenye spektrofotomita kwa urefu wa wimbi wa nanomita 880. Mirija ya udongo wa juu ilipata buluu hafifu. Ya udongo wa chini ilibidi tuishike mbele ya karatasi nyeupe ili kuona kama ina rangi kabisa.

Jambo lililonishtua zaidi lilitoka kwenye pH. Udongo wa chini una asidi kali kuliko wa juu, na tulipouosha kwa potasiamu kloridi ya moli 1, alumini ilitoka kwa wingi. pH ikishuka chini ya 5.5 alumini huanza kuyeyuka, na kadiri inavyoshuka ndivyo sumu inavyozidi, na inayoumia kwanza ni ncha ya mzizi. Tukabadilisha mpango wa mabomba: nusu yatakuwa na udongo wa chini kama ulivyo, nusu nyingine udongo huohuo uliochanganywa na chokaa ya kilimo kuanzia juu hadi mwisho.

Kuvipanga vyungu

Kitalu nyumba hakina joto sawa kila mahali. Karibu na feni kuna baridi, upande wa jua la mchana kuna moto. Tumegawa nafasi kwa bloku, yaani sehemu ambazo hali yake ya ndani inafanana, kila bloku ina kila mchanganyiko wa fosforasi na maji, na mpangilio wa ndani umepigiwa kura. Mwanatakwimu Ronald Fisher, aliyeingia kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919 na kukuta kumbukumbu za shamba la Broadbalk zinazoanzia 1843, ndiye aliyeiimarisha desturi hii. Bila hiyo, chungu kilichokaa karibu na feni kingeweza kutangazwa kuwa aina inayovumilia ukame.

Kuota hadi jani la nne

Hakuna tofauti. Nililitarajia hilo, kwa sababu mche wa mahindi unaanza maisha na akiba ya mbegu: sehemu kubwa ya fosforasi ya punje imo kwenye kiini, imehifadhiwa kama asidi fitiki, na mche huivunja kidogo kidogo. Tumepunguzia miche, ukabaki mmoja kila chungu.

Zambarau

Akiba imeisha. Kwenye vyungu visivyoongezewa fosforasi, majani ya chini yameanza kuwa ya zambarau kwenye ncha na kando, huku majani machanga yakibaki kijani kilichoiva. Mmea unahamisha fosforasi kutoka jani kuukuu kwenda jipya, kwa hiyo dalili huanzia chini. Upungufu wa naitrojeni nao huanzia chini, lakini huja kwa manjano inayoingia kutoka nchani kufuata ukanda wa kati. Wa potasiamu huunguza kingo. Zambarau peke yake si ushahidi wa kutosha, maana baridi huileta, na zipo mbegu zinazoipata kwa asili. Tumekata vipande vya majani vya kupima maabara.

Kupunguza maji

Hapa ndipo majaribio ya namna hii huharibikia, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Ukiacha kumwagilia vyungu vyote siku moja, hutakuwa umetoa ukame sawa. Mahindi yaliyoshiba fosforasi yana majani mapana, hunywa upesi, na chungu chake hukauka mapema. Yenye njaa ni madogo, hutumia maji taratibu, na udongo wake hubaki na unyevu muda mrefu. Ukija kuyatazama baadaye utaona makubwa yamenyauka na madogo yamesimama, na utaandika kwamba upungufu wa fosforasi unasaidia kuvumilia ukame. Kumbe mimea hiyo midogo haijauonja ukame wenyewe.

Kwa hiyo tunapima uzito. Kila alfajiri, kabla jua halijapata nguvu, kila chungu hupanda kwenye mizani na kurudishiwa maji yaliyopotea hadi kiwango chake: asilimia 80 ya maji ambayo udongo unaweza kushika kwa kundi la maji tele, asilimia 40 kwa kundi la kiu. Uso wa udongo umefunikwa kwa plastiki iliyobana shina, ili uzito uliopungua uwe umepitia majanini. Uzito wa mmea wenyewe nao huongezeka, na usipoutoa kwenye hesabu, mmea mkubwa utanyimwa maji kila siku kwa kadiri unavyokua. Kwa ajili hiyo tuna mimea ya akiba tunayoing'oa mara kwa mara na kuipima.

Ni kazi ya mgongo. Lakini daftari la mizani limekuwa sehemu ninayoiamini zaidi katika mradi mzima.

Majani saa sita mchana

Kundi la kiu limeanza kukunja majani. Asubuhi yamenyooka, saa sita yamejikunja hadi upana wake umebaki nusu, jioni yanafunguka tena. Kipimajoto cha mwale wa infraredi kinaonyesha jani la kundi la kiu lina joto kuliko la jirani yake aliyenyweshwa, ishara kwamba stomata, vitundu vya jani vya kupumulia, zimefungwa na jani limekosa kupozwa na maji yanayotoka.

Anayetuma amri ni asidi absisiki, homoni iliyotambuliwa miaka ya 1960, ambayo vipokezi vyake vilipatikana mwaka 2009. Ikifika kwenye seli zinazolinda tundu, seli hizo huachia potasiamu, maji hutoka nayo, zinalegea na tundu linafungwa. Mmea huokoa maji na papo hapo hukosa hewa ya ukaa ya kutengenezea chakula.

Kitu ambacho sikukiona kikiandikwa vya kutosha: mimea yenye njaa ya fosforasi, katika unyevu uleule wa asilimia 40, ilikunja majani mapema zaidi mchana kuliko iliyoshiba. Unyevu wa udongo ni sawa kwa mizani, mfumo wa mizizi ndio uliotofautiana. Kwa msimamo wangu huu ni ushahidi mzuri, ingawa wa chungu tu.

Chini ya hadubini

Tumeosha vipande vya mizizi myembamba, tukavichemsha kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 hadi vikawa vyeupe, tukavisuuza, kisha tukavipaka wino mweusi uliochanganywa na siki, njia rahisi iliyochapishwa mwaka 1998. Kuvu wa maikoriza, wanaoishi kwa ushirika na mizizi, walijitokeza. Nyuzi zao zinapita kati ya seli, na ndani ya baadhi ya seli kuna arbaskuli, matawi madogo yaliyosongamana mahali mmea na kuvu wanapobadilishana mali. Kila arbaskuli huishi siku chache kisha huvunjwa.

Kwenye vyungu vilivyopewa fosforasi tosha ilibidi kusogeza kioo mara nyingi kabla ya kuona kuvu. Kwenye vyungu vyenye njaa wamejaa. Mmea hulipa huduma hii kwa kaboni, makadirio ya kawaida yakiwa kati ya asilimia 4 na 20 ya inayonaswa na majani, na tangu 2017 tunajua kuwa malipo hayo ni sukari pamoja na mafuta. Ukishapata fosforasi ya kutosha huna sababu ya kulipa. Ukiwa na njaa, unanunua nyuzi zinazofika sentimita nyingi nje ya ukanda mtupu wa mzizi, mahali ambapo kinywele cha mzizi, kisichozidi milimita moja hivi, hakifiki.

Jinsi mmea unavyowaita kuvu hawa ni habari inayonivutia kuliko karibu zote za mradi huu. Mahindi yenye njaa ya fosforasi hutoa mizizini kemikali ziitwazo strigolaktoni. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba zinafanya nyuzi za kuvu zichipue matawi kuuelekea mzizi. Mwaka 2008 zikatambuliwa pia kuwa homoni ya ndani inayozuia shina kutoa matawi, jambo lenye mantiki kwa mmea unaobana matumizi. Lakini kemikali ya kwanza ya jamii hiyo ilikuwa imeshapatikana mwaka 1966 kwa sababu nyingine kabisa: ndiyo inayoamsha mbegu za kiduha. Gugu hilo hungoja ardhini miaka mingi, na likisikia wito uliokusudiwa kuvu, huota na kujichomeka kwenye mzizi. Shamba lililochoka hushambuliwa na kiduha kupita shamba lenye rutuba, na hiki ni kisa kimojawapo. Mwaka 2017 iliripotiwa kwamba mtama wenye hitilafu kwenye jeni LGS1 hubadilisha aina ya strigolaktoni unayotoa, na kiduha hakiamki sana.

Udongo wetu tuliuchunguza mapema na hauna mbegu za kiduha.

Kupasua mabomba

Mabomba yalijazwa maji mara moja mwanzoni, kisha sehemu ya juu ikaachwa ikauke. Tumeyapasua kwa msumeno kwa urefu wake, tukayalaza juu ya wavu, na kuosha udongo kwa maji ya mtiririko mdogo kuanzia chini kwenda juu.

Kwenye mabomba ya udongo wa chini usiotiwa chokaa, mizizi ilishuka vizuri hadi mpaka wa tabaka mbili, ikapinda. Chini ya mpaka kulikuwa na mizizi michache, mifupi, minene, ya hudhurungi, ncha zake zimevimba na karibu hazina matawi. Tulizipaka himatoksilini, rangi ya maabara, na zikageuka zambarau iliyoiva, dalili ya alumini iliyojikusanya. Udongo ulioizunguka ulikuwa na unyevu wa kushikika kwa vidole. Mimea iliyokuwa juu yake ilikuwa imenyauka.

Jirani, kwenye mabomba yaliyotiwa chokaa hadi chini na kupewa fosforasi juu, mizizi ilifika mwisho wa bomba na kuzungukazunguka. Mimea ilikuwa imesimama. Kwenye yale yenye chokaa bila fosforasi, mizizi michache ilifika chini, myembamba, na mingi ikabaki juu, ikitambaa kwenye udongo uliokwishakauka.

Kipo kinga cha asili dhidi ya alumini. Mimea mingine hutoa asidi za kikaboni kwenye ncha ya mzizi na kuifunga alumini kabla haijadhuru. Ngano hutoa asidi maliki kupitia jeni ALMT1, iliyoripotiwa 2004, na mtama hutoa asidi sitriki kupitia SbMATE, 2007. Mahindi nayo yana jeni za jamii hiyo. Naona mzalishaji wa mbegu anayetafuta mahindi ya kuvumilia ukame kwa udongo kama huu, akazipita hizi, anaacha sehemu kubwa ya kazi.

Mbelewele na ndevu

Kundi la tatu liliendeshwa kinyume na la kwanza kwa makusudi: kila chungu kilipata maji sawa, mmea uwe mkubwa au mdogo. Na hapa msimamo wangu umepata pigo la kweli.

Mimea iliyoshiba fosforasi ilitumia maji yake mapema. Ilipofika kuchanua, udongo ulikuwa umekauka, mbelewele zikamwaga chavua na ndevu hazijatoka. Ndevu hurefuka kwa shinikizo la maji ndani ya seli, kwa hiyo kiu huzichelewesha kuliko inavyochelewesha mbelewele, na chavua ikishamwagwa kwenye hewa kavu hufa baada ya muda mfupi. Pengo hilo kati ya mbelewele na ndevu ndilo ambalo watafiti wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano kilichoko Meksiko, walianza kulitumia miaka ya 1970 kuchagua mahindi ya kuvumilia ukame katika kundi la mbegu liitwalo Tuxpeño, na bado ni kipimo cha bei nafuu kinachosema mengi.

Mimea yenye njaa kabisa ilichelewa kuchanua yenyewe, ikiwa na maji bado. Iliyotoa ndevu kwa wakati ni ile ya kiwango cha kati.

Kwa hiyo fosforasi humfikisha mzizi kwenye maji, na pia humkuzia mmea majani yanayoyamaliza. Panapokuwa na maji chini, faida ni ya kwanza. Pasipokuwepo, hasara ni ya pili. Chungu ni mahali pasipo na chini, na sitaki kulitumia hilo kama udhuru: lipo pia shamba lenye udongo mfupi juu ya mwamba, na mkulima wake anahitaji ushauri tofauti na wa jirani mwenye udongo mrefu.

Kinachoendelea sasa

Majani na mizizi yamekaushwa na yanasagwa kwa ajili ya kupima fosforasi na naitrojeni. Picha za mizizi ya mabomba zinasomwa urefu na pembe kwenye kompyuta.

Awamu inayofuata ya mabomba itaongeza jasi. Chokaa ikinyunyizwa juu husafiri chini polepole sana, na hakuna mkulima atakayechimba mita nzima ili aichanganye kama tulivyofanya sisi. Jasi huyeyuka zaidi, hupeleka kalsiamu na salfeti chini, na hupunguza makali ya alumini hata pale inapoacha pH karibu ilivyokuwa. Tutaiweka juu tu, kwa chokaa na bila chokaa, na safari hii tutayaacha mabomba hadi ndevu zitoke.

Pia tunaingiza mbaazi. Tangu 1990 inajulikana kwamba mizizi yake hutoa asidi pisidiki inayoweza kuachanisha fosforasi na chuma, kitu ambacho mahindi hayawezi. Nataka kuona kama mahindi yanayofuata mbaazi kwenye bomba hilohilo, yakipita kwenye njia za mizizi iliyooza, yanavuka ule mpaka wa tabaka mbili. Mbegu za mbaazi zimeshapakwa bakteria wake na zitaingia ardhini mara tu mabomba mapya yatakapomaliza kujazwa.